Daftari Lililomfukuza Kilonzo

Rukia mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi kabla hujaenda Majengo kumuaga bibi yako, kwa hiyo acha niingie moja kwa moja. Begi lako liko mlangoni, limefungwa. Mimi nimeketi mezani, miguu juu ya stuli kwa sababu imevimba tena, na adhana ya alasiri imeisha sasa hivi. Basi lako la Kisumu linaondoka kesho alfajiri, na mimi najijua. Ukisimama mbele yangu umebeba mkoba, nitasema "haya, safari njema," na mengine yote yatanikwama kooni. Ndiyo maana naandika.

Sitakwambia habari za chakula, wala mbu, wala mwenye nyumba. Hayo umeyasikia kwangu mpaka umechoka, na shangazi yako akayarudia yote kwenye simu. Nataka kukueleza jambo ambalo unalijua nusu.

Juzi ulipopigiwa simu na wale watu wa redio ulikuja jikoni mbio. Ukasema watakupa kazi ya kusoma ripoti za serikali na kuwaeleza wasikilizaji kwa lugha nyepesi, na kwamba ya kwanza kabisa ni ile ya uhalifu nchini, kama umepanda au umeshuka. Nikasema "Mashallah," nikageukia sufuria. Ukaniuliza, "Mathe, mbona umepoa hivyo?" Nikasingizia vitunguu. Havikuwa vitunguu. Nilikuwa nimemkumbuka Kilonzo.

Wewe unamkumbuka kama soja wa geti letu, yule mzee mrefu wa Kitui aliyekuwa akikupokea mkoba wa shule mvua ikinyesha. Ulikuwa kidato cha pili alipoondoka. Nilikwambia amechoka na kazi, amerudi nyumbani kupumzika. Nilikudanganya. Tulimfukuza, na kilichomfukuza ni daftari langu.

Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akiandika chochote hapa kwetu. Mtu akiibiwa viatu mlangoni, alilalamika kwenye ngazi siku mbili, yakaisha. Kisha kamati ya wakazi ikanichagua niwe katibu, kwa sababu nilikuwa karani wa stoo pale kiwanda cha mikate na mwandiko wangu unasomeka. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula: tarehe, nyumba, kilichoibwa. Ulinikuta nikiipiga, ukacheka, ukasema naonekana kama mwanafunzi wa darasa la nne. Miezi ya kwanza daftari lilikaa karibu tupu. Nilifikiri maana yake ni kwamba tuko salama.

Kisha watu wakaanza kuja. Nakumbuka Mama Shiro wa orofa ya tatu alivyobisha mlango Jumamosi moja, mtoto mgongoni.

"Mama Rukia, Kilonzo amesema nije uniandikie."

"Umeibiwa nini?"

"Simu. Lakini ni kitambo, ilikuwa kabla ya Pasaka. Sijui kama inahesabika."

"Inahesabika," nikamwambia. Nikachukua kalamu, na kwenye nafasi ya tarehe nikaandika tarehe ya siku ile, siku aliyokuja kwangu. Sikufikiria hata kidogo. Mstari ulianza na tarehe, nami nikaujaza. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, nikaandika habari zenyewe: simu, kabla ya Pasaka, kaletwa na Kilonzo.

Wakafuata wengine. Kilonzo alikuwa akiwaambia pale getini, wanapoingia na kutoka, kwamba sasa kuna mahali pa kusema, na mama wa kule hacheki mtu. Watu walileta mambo ya mwezi ule na mambo waliyokuwa wameyameza mwaka mzima. Kuna mama aliyenieleza habari za mtungi wake wa gesi huku akilia, na ule mtungi ulikuwa umeibwa zamani, wakati wa mvua ndefu. Nilidhani analilia mtungi. Leo nadhani alikuwa analia kwa sababu alikuwa amepata mtu wa kumwambia.

Basi kurasa zikajaa. Wakati huohuo redioni na magazetini wakatangaza kwamba ripoti ya taifa imetoka na uhalifu umepanda nchini. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Dukani, msikitini, kwenye ngazi, ni hilo tu. Mwenyekiti wetu, Baba Sharon, akaniita, akaniambia nichore mchoro, mwezi kwa mwezi, watu waone kwa macho. Nikauchora hapa hapa mezani kwa kalamu nyekundu. Ulikuwa umeketi pale kwenye kochi na vitabu vyako. Ulikuja ukasimama nyuma yangu, ukasoma kidogo, kisha ukaniuliza, "Mathe, hizi zote zimetokea mwezi huu?"

Nikakujibu, "Wewe soma vitabu vyako."

Sijui kama unakumbuka. Mimi sijasahau. Mtoto wa kidato cha pili aliuliza swali ambalo watu wazima wa nyumba zote hizi hawakuliuliza, na mama yake akamfukuza mezani.

Mkutano ulikuwa Jumapili, kwenye maegesho, baada ya watu kutoka kanisani. Baba Sharon alishika gazeti mkono mmoja na mchoro wangu mkono wa pili. "Taifa zima limepanda," akasema. "Na sisi hapa, angalieni, tumepanda vilevile. Hii si bahati mbaya. Huyu soja wetu anafanya nini?" Mtu mmoja nyuma akasema pengine soja anajua zaidi ya anavyosema. Watu waliitikia kwa vichwa, na wengi wao ndio hao Kilonzo alikuwa amewaleta kwangu.

Wakamwita. Alikuja ameshika kofia. Walipomaliza kumsomea hakumtazama Baba Sharon, alinitazama mimi.

"Mama Rukia, daftari linasema ni mimi?"

"Daftari linasema wizi umezidi."

"Sikuuliza hivyo."

Nikainamia karatasi zangu kana kwamba kuna kitu natafuta. Hakuna nilichokuwa natafuta. Akavaa kofia, akasema, "Sawa," akaenda kwenye kibanda chake. Walikuwa wamempa mpaka mwisho wa wiki lakini hakungoja. Jua halijatua alikuwa ameshatoka na mfuko wake mmoja na ile redio yake ndogo.

Baada yake tukaleta kampuni, walinzi wenye sare na buti. Daftari likahamishiwa kwenye kibanda chao. Ukitaka kuandika ulichoibiwa, sharti utoe nambari ya kitambulisho na ya simu, ueleze ulikuwa wapi, utie sahihi. Kurasa zikawa tupu tena. Miezi ikapita, tukakutana, Baba Sharon akainua daftari juu na kulifungua watu waone weupe wake, na watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, Rukia. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma, kwa sababu nilitaka sana iwe kweli, ili Kilonzo awe ameondoka kwa haki.

Wiki ileile nikakutana na Mama Shiro kwenye ngazi, amebeba makaa.

"Gesi imeisha?" nikamuuliza.

"Gesi wameenda nayo na mtungi wake. Jumanne."

"Umeandikisha pale getini?"

Akanitazama kama mtu aliyechoka kuulizwa. "Niandikishe nini, Mama Rukia? Nimpe mwanamume nisiyemjua nambari yangu ya simu, halafu aniulize kwa nini niliacha mlango wazi? Kwako nilikuja kwa sababu Kilonzo aliniambia utanisikiliza. Sasa Kilonzo yuko wapi?"

Akapanda zake. Nilisimama pale mpaka taa ya ngazi ikazimika yenyewe.

Nilipoingia ndani nikatoa daftari la kwanza, lile langu, nikalisoma ukurasa kwa ukurasa. Safari hii nilisoma pembeni, yale maandishi madogo. Kabla ya Pasaka. Mwaka jana. Wakati wa mvua. Kabla hatujahamia chumba hiki. Katika ile miezi niliyoichora kwa kalamu nyekundu, zaidi ya nusu ya mambo hayakuwa ya miezi ile. Nilipoyarudisha kila moja mahali pake, ule mlima wangu ukalala. Wizi haukuwa umezidi hapa kwetu. Kilichozidi ni watu kusema. Na karibu kila mstari ulikuwa na maneno yaleyale, kwa mkono wangu mwenyewe: kaletwa na Kilonzo, kaletwa na Kilonzo. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri kuliko sote ndiye aliyezipandisha hesabu, na sisi tukamwadhibu kwa sababu zimepanda.

Ungedhani niliondoka siku ileile kumtafuta. Sikuondoka. Nililiweka daftari kabatini chini ya mashuka, nikakaa nalo karibu mwaka mzima. Nilijiambia nina kazi, nina wewe na karo yako, hayo yamepita. Hili ndilo kosa ninalolionea aibu zaidi. La kwanza lilikuwa la kutojua. La pili nilikuwa najua.

Bibi yako ndiye aliyenitoa. Siku moja nikimpelekea dawa aliniambia kwamba nyuma ya nyumba yake wamehamia wachongaji wa vinyago, Wakamba, na kati yao yuko mzee aliyewahi kuwa soja huku mtaani kwetu Fedha. "Anakuulizia," akasema. "Anauliza kama Rukia amemaliza shule."

Nikarudi nyumbani kuchukua daftari, nikaenda kesho yake.

Alikuwa ameketi kwenye gogo, anapiga msasa twiga wa mti. Vumbi limemjaa kwenye nyusi. Alipokuwa getini alikuwa hakohoi, sasa anakohoa. Aliniona, akasogeza vipande vya mbao ili nipate pa kukaa.

"Karibu, Mama Rukia. Mtoto hajambo?"

Nilifungua daftari, nikaanza kumweleza: tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kuibiwa, mchoro, yote. Nilizungumza haraka kama mwanafunzi anayesoma aliyokariri. Alinisikiliza bila kuacha msasa.

"Mimi nilijua," akasema mwisho.

"Ulijua nini?"

"Kwamba wanakuandikisha mambo ya zamani. Ni mimi niliyewaleta. Nilikuwa nawaambia, hata ya zamani, mwambieni tu."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

Akaweka twiga chini. "Ningesema nini, mama? Wewe ulikuwa na karatasi, mimi nilikuwa na mdomo. Na mdomo wenyewe ni wa soja."

Wenzake walikuwa wanagonga patasi pembeni, kila mtu na lake. Nikamwambia nitaenda kamati, nitasema arudishwe. Akatikisa kichwa. Geti hakulitaka tena. Lakini kuna jambo moja alilitaka. Huko kwao habari zilikuwa zimemtangulia; mtu wa kijijini mwao anayefanya kazi Embakasi alikuwa amepeleka maneno kwamba Kilonzo alifukuzwa kwa kushirikiana na wezi. Mkewe hakumuuliza chochote. Aliacha tu kukaa karibu na wanawake wengine kanisani.

"Mwambie yeye," akasema, akatoa simu.

Akapiga, akasema maneno machache ya Kikamba, akanipa. Nikajitambulisha. Nikamwambia mama yule nisiyemjua kwamba mumewe hakuiba na hakushirikiana na mtu, kwamba aliyekosea kuhesabu ni mimi, na kwamba nilikuwa nimelijua hilo muda mrefu nikanyamaza. Yeye akasema kwa Kiswahili cha polepole:

"Umechelewa sana."

"Ndiyo, mama."

"Utasema hivyo kanisani? Ukija?"

Nilienda, Rukia. Ile Jumapili niliyokwambia naenda harusi Machakos. Nilivaa baibui langu nikasimama mbele ya kanisa lisilo langu, mbele ya watu wanaonishangaa, nikayasema maneno yaleyale. Mchungaji alinipa maji. Mke wa Kilonzo hakunikumbatia wala hakunishukuru. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama nami mpaka gari likaja. Nadhani hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko niliyostahili.

Kwenye kamati nilisoma barua ya kuomba radhi. Baba Sharon akasema hayo ni mambo ya zamani, kwa sasa hesabu ziko chini, tusiyafufue. Nikaacha ukatibu. Kilonzo bado yuko kwenye twiga zake, bado anakohoa. Sikurekebisha sana, mwanangu. Nilirekebisha kidogo, nikiwa nimechelewa.

Na usidhani nilitoka pale nimeerevuka. Nilikosea tena, upande wa pili. Majirani walipoanza kusema pikipiki zinaibwa ovyo hapa kwetu, mimi niliyejiona nimejifunza nikawajibu, "Ah, ni watu tu wameanza kusema zaidi." Haikuwa hivyo. Pikipiki huwezi kuinyamazia. Mwenye bima lazima apate karatasi ya polisi, na mwenye kuitegemea kwa riziki atapiga kelele tu. Zilikuwa zinaibwa kweli. Fundi wa orofa ya chini alipoteza yake akiwa amesikia maneno yangu na kuacha kuifunga mnyororo. Kwa hiyo siku hizi sikimbilii kuamini kupanda, wala sikimbilii kubisha. Nauliza tu: hili ni jambo ambalo mtu anaweza kukaa nalo kimya, au haliwezi kufichika? Safari hii wameandika vipi? Nani alikuwa anaogopa kuandikisha zamani, na sasa haogopi? Na nyumba zenyewe, ni zilezile? Maana hapa kwetu wameongeza orofa juu ya orofa, na bado kuna anayelinganisha mwaka huu na ule tulipokuwa nusu ya watu.

Hata ile ripoti ya taifa ya mwaka ule, mpaka leo sijui. Huenda wezi waliongezeka nchini. Huenda mahali fulani kulikuwa na akina Kilonzo wengi, wanawaambia watu waende wakaseme. Karatasi ingeonekana ileile kwa yote mawili, na Baba Sharon hakuwa na subira ya kuuliza.

Kuna lingine, kisha nipumzike. Hili sijamwambia mtu, hata bibi yako.

Hili kovu la mkono wangu wa kushoto, juu ya kiwiko. Uliponiuliza ukiwa mdogo nilikwambia ni mafuta ya mandazi. Ni kisu. Ulikuwa darasa la kwanza. Nilikuwa naenda kazini asubuhi na mapema, watu wawili wakanitokea karibu na kituo cha basi, wakachukua mkoba, na mmoja akanikata kwa sababu ukanda ulikwama begani. Nikajifunga leso, nikaenda polisi. Yule afisa hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka kama mimi. "Unawajua, mama?" Siwajui. "Una shahidi?" Sina. "Basi keti pale, utaandikiwa." Nikaketi kwenye benchi, mbele yangu watu wengi, na saa ya ukutani. Msimamizi wa kiwanda alikuwa ameniambia nikichelewa mara moja zaidi nisirudi. Nikaitazama saa ile mpaka sikuweza tena, nikainuka, nikaenda kazini. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyeniandika.

Ripoti ya mwaka ule ilipotoka, redio ilisema uhalifu umepungua nchini. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nakupakulia uji, na mkono bado ulikuwa haunyooki. Mtangazaji alikuwa na sauti nzuri, ya furaha. Sikumbishia. Sikufikiri kwamba huenda wapo wengine walioinuka kwenye benchi. Nilifikiri: basi ni mimi tu. Nchi nzima mambo yamekuwa mazuri, ni mimi tu niliyepita njia mbaya.

Nimekaa na wazo hilo miaka mingi, Rukia. Lilinichosha kuliko kile kisu.

Sasa sauti hiyo itakuwa yako. Soma nambari kama zilivyo, usiziongeze, usizipunguze, hiyo ndiyo kazi waliyokupa. Ila ukishazisoma, vuta pumzi, kisha useme kwamba hizi ni zile zilizofika kwenye kitabu cha polisi. Ni sentensi moja tu, haitakula muda wa matangazo. Kuna mama atakuwa anapakua uji.

Nakuombea dua njiani na ufikapo. Mungu akulinde na akulainishie ulimi.

Ni mimi mamako,
Fedha